Mafundo Niliyoyakata

Masanduku yangu mawili ya spika yalikuwa yamekaa miezi minane sebuleni kwetu Lodwar bila kutoa hata mlio mmoja. Nilikuwa nikiyapiga msasa. Kila nilipodhani nimemaliza, nilipitisha kidole pembeni, nikakuta mahali panapokwaruza, nikaanza upya. Mama alikuwa akiyaruka kila asubuhi akienda jikoni.

"Haya majeneza yako yataimba lini?"

"Bado kidogo, mama."

"Bado kidogo! Hata maiti angekuwa amechoka kungoja."

Sikuwahi kufundishwa na mtu. Kila ninachojua kuhusu spika na baiskeli nimekipata kwenye simu, nikitazama video nusunusu hadi bando linapokatika. Baiskeli yangu ni ya mtumba, yenye gia, na kila Jumamosi naifungua cheni, nailoweka kwenye mafuta ya taa na kuisugua kwa mswaki wa zamani, pingili moja baada ya nyingine. Napenda inavyorudi mahali pake. Napenda mlio wa gia inapoingia, ule mlio mdogo mkavu, na jinsi gurudumu linavyolia tiki-tiki ninapoacha kupiga pedali kwenye mteremko wa barabara ya Lorugum. Ni furaha ya kweli. Lakini haikai. Nikishuka tu naanza kuwaza kwamba breki ya nyuma inagusa, na pengine haigusi.

Mtu ninayetaka kuandika habari zake nilimjua kwenye kundi la simu la wapenda baiskeli wa huku kaskazini. Ni Mkongo, yuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, fundi wa baiskeli. Siku moja alituma video: ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, gurudumu mapajani, anadonoa spoki kwa kucha kama mtu anayepiga gitaa. Tin, tin, tin, ton. Ile iliyolia "ton" aliikaza kidogo, akaidonoa tena, ikalia kama wenzake. Akalizungusha gurudumu. Halikuyumba hata unene wa karatasi.

Nilitazama video hiyo mara kumi na moja. Mimi hunyoosha gurudumu kwa rula, kalamu na jioni nzima, na bado linayumba. Wenzangu kundini waliandika pongezi. Mimi niliandika, "Hiyo njia si sahihi sana." Yeye akajibu kwa kicheko na kunikaribisha kwake nimfundishe vipimo.

Naona aibu kuandika hili, lakini ni kweli: nilimwonea wivu mtu ambaye hawezi kufika Lodwar bila karatasi ya ruhusa. Mimi naweza kupanda baiskeli asubuhi yoyote na kwenda nitakako. Yeye kila kitu anakipata ndani ya ule mpaka: spika za gari bovu, amplifaya ya redio iliyokufa, mbao za plaiwudi zilizotupwa. Na kwa takataka hizo alikuwa akitengeneza, kwa mwezi mmoja, kitu ambacho mimi nilikuwa sijakimaliza kwa miezi minane. Alikuwa anajenga baiskeli ya sauti: masanduku mawili ya spika juu ya karia ya blaki mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ya mizigo, na betri inayochajiwa na sola, iliyofungwa katikati ya fremu. Kanisa moja pale kambini lilikuwa likitafuta fundi wa sauti wa kudumu kwa kwaya yake, inayoimba kanisani na kutembea ikiimba mtaa hadi mtaa. Jumapili wangeisikiliza baiskeli yake. Ikiwapendeza, kazi ni yake. Isipowapendeza, wangekodi spika za dukani kama zamani.

"Kuya unisaidie kumaliza," aliniambia kwenye simu kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Weye njo mutu wa vipimo."

Nilienda Ijumaa, kwa baiskeli, tangu alfajiri. Upepo wa huku ukielekea Kakuma unakusukuma mgongoni, na lami ni nzuri, kwa hiyo safari ingekuwa tamu kama si mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kando ya barabara. Mwiba wake unapita tairi kama sindano ipitavyo kanga. Nilipata pancha tatu. Kwenye ya tatu mchungaji mmoja wa makamo alisimama na mbuzi zake kunitazama nikiziba, akanisalimu Kiturkana.

"Ejok?"

"Ejok-nooi."

"Hii punda yako nakula nini?"

"Upepo."

Akatikisa kichwa. "Ndio maana iko mgonjwa."

Nilipofika, rafiki yangu alinishika mikono yote miwili, akacheka miguu yangu iliyojaa vumbi, halafu akaniletea maji. Kisha akanionyesha blaki mamba yake. Ndani ya kila tairi alikuwa amelaza utepe wa tairi kuukuu la pikipiki. Tangu mwaka jana hajaziba pancha hata moja. Nilitabasamu kwa meno tu.

"Sasa sikia hii," akasema.

Akaunganisha waya, akaweka wimbo wa magitaa wa kwao. Sijui nieleze vipi. Besi ilitoka chini ikanipiga kifuani taratibu, kama mtu anayebisha mlango kwa adabu. Magitaa yalikaa juu yake, kila moja mahali pake. Sauti ya mwimbaji ilisimama katikati, wazi kabisa, hata ungeweza kuinyooshea kidole. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waligeuka. Mmoja akaanza kutikisa mabega na mtungi mkononi.

Nilitafuta kosa. Nasema ukweli, nilisikiliza wimbo mzima nikitafuta kosa. Masanduku yalikuwa na pembe zisizolingana, misumari imepinda, gundi imemwagika. Na yalikuwa yakiimba.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Si mbaya," nikasema. "Lakini nyaya zako ni chafu."

Hilo ndilo nililolipata. Nyaya zake zote zilikuwa nyeusi, za simu ya zamani, na kila spika ilikuwa na waya mmoja uliofungwa fundo kubwa karibu na ncha. Mafundo yale yaliniudhi. Niliyaona kama uchafu, kama kamba ya kiatu iliyokatika ikaungwa.

Mama kiongozi wa kwaya alikuwa amemwomba ayapake masanduku rangi ya buluu, ifanane na sare zao. Kwa hiyo jioni ile alizitoa spika, akapaka rangi, akaacha ikauke. Jumamosi asubuhi nilitoka lojingi nilikolala mjini, nikarudi kwake, akaniachia kazi ya kuunganisha wakati yeye akinyoosha gurudumu la mteja.

"Ufunge weye," alisema. "Ukifunga weye, miye sina hofu."

Nilifanya kazi nzuri. Nilikata mafundo yote. Nikavua ncha za nyaya kwa urefu sawa, nikaziyeyushia risasi safi inayong'aa, nikazifunika mirija ya plastiki. Nikazirudisha spika, nikafunga mifuniko ya nyuma kwa skrubu na gundi ya mbao pande zote ili hewa isivuje. Nikafunga masanduku kwenye karia, nikaunganisha nyaya kwenye amplifaya. Ilikuwa kazi ya kupigwa picha. Niliipiga picha.

Kisha nikawasha.

Besi haikuwepo. Magitaa yalisikika membamba, na ile sauti ya mwimbaji, ambayo jana ungeweza kuinyooshea kidole, sasa ilikuwa kila mahali na hapakuwa na mahali ilipo. Yeyote aliyewahi kucheza na spika mbili anajua maana yake. Moja imeunganishwa kinyume. Moja ikisukuma hewa mbele, nyingine inaivuta nyuma, na besi inafia katikati. Ni kosa la siku ya kwanza, dawa yake ni kugeuza nyaya mbili.

Nilijua kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ndipo nikaelewa na mafundo pia. Yalikuwa alama. Waya wenye fundo ndio uliokuwa wa kichwa, yaani chanya; usio na fundo ulikuwa wa mkia, hasi. Nilitazama chini. Vipande vyenye mafundo vilikuwa mavumbini karibu na kiatu changu. Nikavifunika kwa kiatu.

Rafiki yangu alikuja akipangusa mikono. Akainamisha sikio.

"Besi iko wapi?"

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu na hakuna aliyeuziba. Lakini mimi ndiye mtu wa vipimo, niliyempanda mtu kichwani kwa sababu ya nyaya chafu. Na nyuma ya hiyo aibu palikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilikuwa na raha. Kwa mara ya kwanza tangu ile video, kitu chake hakikuwa kizuri.

"Labda ni mbao," nikasema. "Plaiwudi hainywi rangi vizuri."

Akaamini. Hakuzigusa nyaya. Aligonga masanduku kwa vidole, akasikiliza, akagonga tena, akakunja uso. Alikuwa bado anagonga mama wa kwaya alipofika na daftari lake la nyimbo.

"Ee, mwana wangu, jana nilisikia hii kintu kutoka kwetu kule. Leo iko na mafua?"

"Tunatengeneza, mama. Ni rangi."

"Miye njo nilikuomba rangi?" Akajishika kidevu. "Basi kesho asubuhi tutasikia. Ikiwa hivi, tutakodi ile ya dukani. Usikasirike na miye, ni wazee njo wataamua."

Alipoondoka, rafiki yangu aliingia ndani, akatoka na msumeno mdogo.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nafungua sanduku. Nipunguze rangi ndani, labda iliingia. Gundi yako iko nguvu, skrubu peke yake hazitoshi."

"Na nyaya je? Huziangalii?"

Akanitazama kana kwamba nimemtania. "Nyaya ulifunga weye."

Akaanza kukata. Meno ya msumeno yaliingia kwenye ile buluu mpya, unga ukadondoka kwenye karia. Nilihesabu, kama nifanyavyo nikiwa na hofu. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya tisa nikamshika mkono.

"Acha. Si mbao. Ni mimi. Nilikata mafundo, nikachanganya waya."

Msumeno ulibaki umekwama.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la nyaya. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Tangu nilipowasha."

"Mama alipokuya, ulijua?"

"Nilijua."

Akachomoa msumeno polepole, akapuliza unga kwenye ule mpasuko, akanipa bisibisi bila kunitazama. Nikageuza nyaya mbili kwenye amplifaya. Haikuchukua hata dakika. Akawasha. Besi ikarudi, ikatubisha vifuani, lakini sanduku la kulia lilikuwa likipuliza hewa kwenye mpasuko, pfu, pfu, kama mtu anayepoza chai. Alikata kipande cha tyubu kuukuu, akakigundisha juu ya jeraha, akakibana kwa kiganja mpaka kikashika. Nilimwambia samahani mara nyingi, kwa namna nyingi. Nikamweleza habari za video, mara kumi na moja, hata ile raha nikamweleza. Mimi nikianza kukiri siachi kitu.

"Miye nilidhani ulikuwa unacheka na roho safi," akasema mwishoni. "Kumbe ulikuwa unaumia."

Sijui kama hilo lilikuwa msamaha. Sikuuliza.

Jumapili nilisimama nyuma kabisa, kwenye kivuli cha bati. Kwaya iliimba, baiskeli ikaimba nayo, na wazee wawili waliokuwa wamekunja mikono wakaikunjua. Ule mpulizo wa sanduku la kulia bado ulikuwepo, mdogo sana. Katika watu wote wale nadhani tulikuwa wawili tuliousikia, na kila ulipokuja tulitazamana, kisha yeye akatazama pengine. Walipomaliza, mzee mmoja alimpa mkono na kumwambia aje na baiskeli kila Jumapili.

Nilipita katikati ya watu kwenda kumpongeza. Nilimpongeza kweli, na nilikuwa na furaha kweli, na wivu ulikuwa palepale, umeketi kando ya furaha kama jirani asiyeaga. Watu walikuwa wakitawanyika. Nikainama kushika ncha za nyaya ili nizikunje.

"Acha, kaka," akasema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nitafunga miye mwenyewe."

Nikaziachia. Alizichomoa moja moja, na kwenye kila waya wa kichwa akafunga fundo jipya, kubwa, la kizembe. Mikono yake ilijaa. Akageuka kumtafuta mtu wa kumshikia, mama wa kwaya akawa karibu.

"Mama, nishikie."

Mama yule hajui waya wa kichwa wala wa mkia. Alizipokea kwa mikono yote miwili, akazikumbatia pamoja na daftari lake, akiendelea kuongea na wengine. Nilisimama pale nikimtazama, mikono yangu mitupu, nikimwonea wivu.