Askari Aliyenigeuzia Mgongo

Usiniambie ni uchovu wa ndege. Nimeshaambiwa hivyo na watu watatu, mmoja wao muuguzi wa hospitali ya pale Igogwe. Wote niliwaacha wamalize, kisha nikawauliza: uchovu wa ndege unaonekana kwenye picha? Picha ipo, na haya ninayokusimulia yalinipata saa nne asubuhi, jua limetoka, nimeshiba chai na mkate.

Kwanza ujue hali ya nyumbani. Mimi nimeolewa kijiji cha Matwebe, kwenye shamba la chai na migomba. Nilipokuwa na miaka mitano kwenye ndoa, baba mkwe wangu alikwenda Zambia kutafuta kazi. Barua zikaja mwaka mmoja, halafu kimya, miaka ishirini na zaidi. Wanawe, mume wangu akiwamo, wakaanza kusema mzee amefariki, tukae matanga, tugawane shamba. Mama mkwe akagoma. "Nani kamwona?" Hilo ndilo jibu lake kila kikao. Hakuvaa nguo ya msiba, na kila jioni hali chakula mpaka amwekee mumewe ndizi kwenye sahani. Nilimhurumia, lakini sikufichi, nilimchoka pia. Nilitaka sehemu yetu ya shamba.

Picha ya mzee hatukuwa nayo hata moja. Na sura yake mimi siijui. Unashangaa? Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake usoni. Ukikutana naye njiani, unatoka njiani, unajifunika kanga, unachuchumaa mpaka apite. Naye kama ni muungwana, anakohoa kabla hajatokeza kwenye migomba ili upate nafasi ya kujificha. Mabinti wa siku hizi wengine wameacha. Mimi nililelewa hivyo, na kwa miaka mitano nilimjua mzee yule kwa miguu yake na kikohozi chake tu. Viwili vifupi, kisha kimoja kirefu cha kuvuta.

Basi, mwaka juzi wanunuzi wa chai walikialika chama chetu cha wakulima London. Nikachaguliwa mimi na karani wetu, Ambakisye. Siku ya mwisho tukapelekwa kuwaona askari wa kifalme. Watalii wamepanga foleni, mmoja anasimama ubavuni mwa askari, anapigwa picha, anampisha mwingine.

Niliwatilia shaka wale askari tangu mwanzo. Mtu mzima amevaa koti jekundu, na kofia la manyoya kubwa kama mzinga wa nyuki limemshukia mpaka machoni. Mikono imo ndani ya glavu. Hujui hata kama ni mzungu au ni mtu wa kwetu. Mwenye nia njema anajificha hivyo kwa nini? Zamu yangu ilipofika nikamsalimu. Kimya. Nikamjaribu kwa salamu ya Kinyakyusa, utani tu, kama namwamkia baba: "Ugonile, taata."

"Hawaruhusiwi kujibu, Mama Neema," Ambakisye akasema, simu iko tayari mkononi. "Sogea kidogo. Cheka basi!"

Nikasogea. Ndipo askari akakohoa.

Viwili vifupi. Kisha kimoja kirefu.

Niamini, sikufikiri kitu. Mwili wenyewe ulinitoa pale, nikajikuta nimechuchumaa kando, kitenge nimejifunika kichwa, macho chini. Nilisikia watalii wakicheka. Nikaona viatu vyeusi vikipita mbele yangu polepole, cha kushoto kimegeukia nje, kama mguu wa mzee. Vikasimama. Vilisimama muda mrefu kuliko heshima inavyotaka, kama mtu anayengoja kutazamwa. Halafu vikaenda.

Nilipoinuka, askari alikuwa palepale, wima.

"Amekwenda wapi akarudi?" nikauliza.

"Nani? Huyu hajatikisika hata ukope," Ambakisye akajibu. Nikamwambia anionyeshe simu. Akaitazama yeye kwanza, akanipa. Kwenye picha mimi nimechuchumaa, nimejifunika gubigubi. Na askari amenigeuzia mgongo, kama baba mkwe mwenye adabu zake. Ambakisye aliapa kwamba alipobonyeza simu, askari alikuwa amemkabili yeye. Nilidhani ananichezea, naye akadhani mimi ndiye mwenye mambo ya uchawi. Hadi leo tukikutana kwenye mizani ya chai ananisalimia kwa mbali.

Nyumbani nilikaa na siri hiyo wiki nzima. Ningesema nini, na nani asingesema natafuta njia ya kugawiwa shamba? Mwishowe nikaisafisha picha dukani Tukuyu, nikamwendea mama mkwe jikoni, nikamweleza yote. Aliishika picha karibu na moto, akaitazama mpaka nikaogopa.

"Juu ya jicho ana kovu?" akauliza. "Kuni ilimrukia tukiwa vijana."

"Mama, sikumtazama."

"Hukumtazama?"

"Ni baba mkwe wangu, Mama."

Akaishusha picha. Kisha akasema taratibu, "Gwe, wewe mwanangu. Miaka yote hii namwomba Mungu aniletee mtu wa kumwona. Akakuchagua wewe."

Mpaka leo hajui kama yeye ni mke au mjane, nami ndiye niliyekuwa na jibu hatua moja mbele yangu, nikatazama viatu. Shamba halijagawanywa, na siku hizi mimi ndiye ninayekataa ligawanywe. Picha anaiweka ndani ya Biblia. Akisikia kuna mtu anasafiri, anamwonyesha ule mgongo, anamsihi akiuona azunguke mbele.

Mimi nawatazama wanaume wote usoni, hata wale ninaopaswa kuwakimbia. Wanawake wa Matwebe wanasema London imenipa kiburi. Waache waseme. Wewe unayekwenda kusimama na askari wa nchi za watu upigwe picha, nakuonya: akikohoa kikohozi unachokijua, inua macho kwanza. Radhi utaomba baadaye.