Kwenda Maskati kwa Jina la Paka

Bora mlisikie kwangu kabla Mjomba Hamadi hajalitia chumvi: nimemwozesha dada yangu Asya kwa jina la paka.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja wa Maskati, Haitham, alikuja Unguja likizo, akamwona Asya, akarudi kwao hali wala halali. Wazee wake ni Waomani waliozaliwa hapa wakahamia huko zamani. Kiswahili chao kitamu kuliko changu. Wakasema sawa, ila kwanza waje wanaume wa upande wetu, waonekane. Baba hatunaye. Akateuliwa Mjomba Hamadi, kaka yake Mama, muuza vipuri vya magari Darajani, na mimi nikatiwa kujaza nafasi. Uwanja wa ndege Mama alinishika sikio: "Wewe kazi yako kula na kunyamaza."

Kula nilifaulu.

Maskati tuliingia asubuhi. Barabara safi mpaka unaona haya kupiga chafya. Haitham akatupeleka kwao Mabela, mtaa wa majumba mapya meupe, madirisha yote yamefungwa, nje hakuna hata mtoto anayelia.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Ndani."

Nikahisi huko ndani wote wanatutazama.

Baada ya sala ya adhuhuri tuliingizwa majlisi, chumba cha wanaume kupokelea wageni, tukakalishwa karibu na mlango, penye viatu. Mbele kabisa alikaa Babu Nasor, babu yake Haitham, macho yamefunikwa na utando mweupe, haoni. Ubavuni mwake Ami Salum, baba wa kijana, mkubwa katika ofisi ya serikali, mtu ambaye simu yake ikilia yeye huitazama tu ikanyamaza. Kahawa ilianzia kwa Babu, ikazunguka kwa wote, ikatufika sisi imeshapoa.

Ami Salum alimtazama Mjomba, kisha akazitazama nywele zangu. "Nyinyi kina nani hasa? Kabila lenu lipi?"

Mjomba akaanza kukohoa. Kikohozi kile nakijua: ndicho kinachomshika dukani, mteja akimuuliza kama kipuri ni orijino. Na Asya yuko Unguja, simu mkononi, anasubiri jibu. Nikatafuta kichwani jina lolote lenye sauti ya Kiarabu, nikapata moja tu. Kwetu kila paka huitwa Sarmuki. Akifa huyu, anayefuata anarithi. Bibi mzaa baba, Mungu amrehemu, ndiye aliyeanzisha.

"Sisi kina Sarmuki," nikasema.

Wallahi hata kiyoyozi kilishusha sauti. Babu Nasor akainuka taratibu. Kuona vile, Ami Salum, yule yule wa serikali, akaruka kusimama, na chumba kizima kikasimama.

"N'lidhani mmekwisha nyote, mabwana wa baba zetu," Babu akasema.

Tukahamishiwa mbele. Kahawa sasa ikaanzia kwangu, ya moto. Babu akanipapasa uso kwa vidole baridi, kipaji, pua, mpaka kwenye nywele. Hapo akasita.

"Nimeambiwa nyie weusi."

"Naam, babu."

"Weusi si neno, mwanangu. Neno ni mweusi wa nani." Akatabasamu, si kwangu, kama kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu. "Harusi ipo."

Mjomba akanifinya paja. "Nyamaza hivyo hivyo," akaninong'oneza. "Umeshatuozesha."

Kesho yake asubuhi Babu akataka nikaione nyumba yangu. Yangu! Ami Salum akaacha kazi akatuendesha mwenyewe hadi Qantab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa na majabali. Njiani nikawaza: ofisi nzima inamwogopa Ami Salum, Ami Salum anamwogopa mzee asiyeona, na mzee asiyeona anawaogopa maiti. Na hao maiti wana jina la paka wangu.

Nyumba ilikuwa ya mawe, nusu ya paa imeanguka. Babu akavua ufunguo shingoni. "Wa mwisho wao n'limzika mimi, hakuacha mtoto. Aliniambia, weka, atakuja mtu."

Mlango mkubwa ukafunguka bila kulia, kama umetiwa mafuta jana. Pembeni yake, chini, ulikuwapo mlango mwingine, unanifika kiunoni.

"Ule wa nini, babu?"

"Wa watumwa wa jikoni. Waingie wameinama. We pita huku."

Sijui kwa nini niliinama. Ndani giza na baridi, mafiga matatu, na harufu ya jiko la Bibi, ile ile, iliki na makaa yaliyomwagiwa maji. Kwenye kona kitu kikasogea. Akatoka paka wa kijivu, mkia umevunjika, akanikazia macho kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Mimi nina mzaha wa kila kitu. Pale sikupata hata mmoja.

"Mbona umepita huko?" Babu, aliyezisikia nyayo zangu, akaita kutoka nje. Sauti haikuwa ile ya jana. "Nani kakufunza kupita huko?"

"Nimepotea, babu."

Harusi hakuivunja, lakini ufunguo aliurudisha shingoni.

Kwenye ndege Mjomba alilala usingizi wa mshindi. Mimi sikulala. Kama nyumba ile ilinijua, ilinijua kwa mlango upi?

Jioni nilimkuta Mama jikoni anakuna nazi, Sarmuki wa sasa kajilaza kizingitini. Nikamweleza yote, mpaka mlango mdogo. Akafuta mikono, akasema, nayaandika kama alivyoyatamka:

"Mama yake bibi yako alizaliwa jikoni kwa kina Sarmuki, akaletwa Unguja pamoja na masufuria yao. Bibi yako aliniambia mimi peke yangu, hapa hapa. Akampa paka jina hilo ili kila siku ya Mungu amfukuze Sarmuki jikoni kwake kwa kandambili. Sasa kamwite dada yako asikie jina unalomwozea, aseme mwenyewe kama anaitaka harusi hiyo. Na huyo paka mtoe mlangoni, dada yako apite."