Mwenye Daftari Kwenye Bugi Yetu

Miaka hiyo ya sabini bugi, yaani dansi ya mchana, ilipigwa Jumapili alasiri, vijana wacheze na warudi makwao kabla giza halijaingia. Bendi yetu ilikuwa na watu wanne na haikuwa na tajiri. Spika tuliziunda wenyewe kwa mbao, kule kijijini Mutuini, ndani ya banda la ng'ombe la kina mpiga gitaa la solo. Mimi niliimba na kupiga gitaa la ridhimu. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini nikilivaa lile gitaa nilijiona nimeshafika Ulaya.

Sahani ya santuri hata moja hatukuwa tumerekodi. Watu walitujua kwa sababu tulicheza nao. Katikati ya wimbo niliruka chini kutoka jukwaani na gitaa langu, wasichana wakanizunguka, na Jumapili iliyofuata walikuja na binamu zao. Meneja wa ukumbi wa mjini tuliokuwa tukipigia alituahidi kwamba tukiujaza mpaka Krismasi, Jumapili zote za mwaka mpya zitakuwa zetu.

Ndipo akaja yule mtu. Alivaa kofia ya kiua, ile ya kutariziwa, akaegemea nguzo na soda yake. Hakucheza. Alitutazama, akaandika kwenye daftari, akatutazama tena.

"Unamwona huyo?" mpiga solo alininong'oneza. "Mwizi."

"Anaiba nini?"

"Nyimbo, wewe! Ametumwa na bendi nyingine. Anaandika vidole vyangu vinakwenda wapi."

Nilicheka. Lakini Jumapili ya pili alikuwepo, na ya tatu, na kicheko kikaniishia. Mpiga besi alisema labda ni mtu wa serikali. Basi tukaamua kufanya walivyofanya wapiga gitaa wengi mjini wakiogopa kuibiwa: tulipiga tukiwa tumewapa watu mgongo. Kuruka chini kukaisha. Nikawa naimba nikiutazama ukuta.

"Nyinyi mumenuniana na nani?" msichana mmoja alipiga kelele. "Tumekuja kuona makalio?"

Watu wakacheka, kisha wakapungua. Meneja alisimama mlangoni, mikono kifuani. Kuna bendi nyingine, akatuambia, imeshamwuliza juu ya Jumapili zetu. Tulitazamana. Si unaona? Bendi nyingine!

"Nenda umnyang'anye lile daftari," mpiga solo akaniambia wakati wa mapumziko.

Nilikwenda. Kunyang'anya sikuweza. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mzee, naomba kuona unachoandika."

Alinipa, nikalifungua. Kurasa zote zilijaa suruali. Bugaluu zetu, mapana yake chini, mishipi yake, vipimo vya kukisia pembeni.

"Mimi fundi cherehani, mwanangu. Nimetoka Mombasa, nashona hapo nyuma ya msikiti. Vijana wanakuja dukani wananambia, nishonee kama ya yule mwimbaji. Sasa nitashonaje sijaiona?" Akafungua ukurasa wa mwisho. "Na mmefanya vyema kugeuka. Mifuko ya nyuma ilikuwa ikinisumbua sana."

Nilirudi jukwaani nikicheka na kuona haya, nikawaeleza. Mpiga solo hakucheka.

"Umeona kurasa zote?"

"Nimeona."

"Na dukani kwake umefika?"

Sikuwa nimefika. Hapo hapo shaka ikanirudia, ndogo, kama kokoto kiatuni. Mtu anaweza kuchora suruali na bado akawa na masikio. Na wimbo tuliokuwa tunauanza ulikuwa mpya, hakuna aliyeusikia isipokuwa ng'ombe wa Mutuini.

Nikawageukia watu hata hivyo. Ukumbi ulikuwa na watu wachache hata niliona sakafu, na meneja alikuwa ameshika kitasa cha mlango, tayari kufunga. Niliruka chini. Yule msichana wa kelele alinitazama kwanza kwa macho ya mtu aliyedanganywa, kisha akaanza kucheza, polepole, bila kunisogelea.

Nyuma yangu solo iliendelea kulia vizuri sana. Nilipogeuza shingo, mwenzangu alikuwa bado ameutazama ukuta, bega limefunika vidole.