Mtoto Aliyeshiba Kila Siku

Fundi anashona sare za shule upande mmoja wa baraza, mimi nasuka nywele upande wa pili, kwa hiyo mambo yake nayajua kama yangu. Ni hodari, sikatai. Mkasi ukiteleza, kitambaa kikapata dosari, haharakishi: anaikunjia ndani ya upindo, na mteja anaondoka akishukuru. Shida ni kwamba na mwanawe alitaka kumshona hivyohivyo.

Kidoti akila karanga, hata chembe, uso unavimba na koo linabana. Daktari alisema mzio huo usifichwe. Walimu wajue na wenzake darasani wajue. Walimu Fundi aliwanong'oneza. Wenzake, akakataa.

"Watoto wana midomo," aliniambia. "Leo watamtania, kesho watawaambia mama zao, keshokutwa mwanangu ni mgonjwa mtaa mzima. Nani atakuja kumposa?"

"Shoga, ana miaka minane."

"Ndiyo maana naanza mapema."

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema nisimtabirie mwanawe kifo, akakanyaga cherehani ili asinisikie.

Basi akamfundisha mtoto neno moja. Akipewa chochote, aseme ameshiba.

Kidoti akashiba. Akashiba kila mapumziko, akashiba hata siku rafiki yake, binti wa fundi viatu, alipoleta keki yake ya kuzaliwa. Wenzake wakambandika jina, Bi Maringo, wakamtoa kwenye mchezo wa kamba. Akabaki na yule binti peke yake, na siku moja naye akachoka. Akamega biskuti yake ya karanga, akamwambia, "Kama huringi, kula."

Kidoti akala. Ningekuwa yeye, na mimi ningekula.

Mungu si Athumani: mwalimu alijua la kufanya, hospitali haikuwa mbali, mtoto akapona. Aliporudi nyumbani, yule rafiki akaja na baba yake kumjulia hali, macho yamemvimba kwa kulia. Fundi hakuwakaribisha. Alisimama mlangoni, mkasi mkononi, akamwita yule mtoto muuaji.

"Hakuniambia," binti alisema. "Angeniambia, ningekula mwenyewe."

Baba yake akamshika mkono, wakaondoka. Niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyewatukana. Fundi nimemwita dada miaka yote hii, lakini siku ile nilimchukia, na kinyongo hicho hakijaniisha.

Akamhamisha Kidoti shule. Sare mpya ameimaliza jana, rangi nyingine, mishono imenyooka. Leo asubuhi alipiga magoti barazani kumwekea upindo sawa. Alipomaliza akatoa pini mdomoni, akamwuliza, "Huko wakikukaribisha kula, utasema nini?"

Kidoti aliniangalia mimi kwanza, kisha mama yake.

"Nimeshiba," alisema, na hata chai ya asubuhi alikuwa hajanywa.