Mwalimu Mihayo wa Kujitolea

Siku ya mtihani wa Baiolojia, mtu asiyetakiwa kabisa kuonekana karibu na chumba cha mtihani ni mwalimu wa Baiolojia. Ndivyo utaratibu ulivyo. Basi asubuhi hiyo Mwalimu Teodora, aliyelifundisha somo hilo miaka kumi na sita katika shule ya kata huko Buswelu, alikuwa nje ya geti, amekaa juu ya jabali pana lililo kando ya barabara, mtoto mgongoni na roho juu.

Jabali hilo wanafunzi wanaliita Baraza la Mitihani. Hapo ndipo wanapokusanyika kila karatasi inapokwisha, wakasahihishana wenyewe kwa wenyewe kabla msahihishaji hajafungua hata bahasha. Wanaingia wakicheka na kutoka wamenuna. Miaka yote Teodora alikuwa adui mkubwa wa baraza hilo. Akiwakuta pale huwapigia makofi ya kuwafukuza kama kuku kwenye mpunga: "Yaliyopita si ndwele! Nendeni mkasome Kemia!" Leo yeye ndiye aliyetangulia kufika, na hakuwa na mpango wa kumfukuza mtu.

Alikuwa na sababu. Mwaka ule hakuwafundisha kidato cha nne mada ya uzazi, na hakuwafundisha uzazi kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kwenye shughuli hiyo. Ukicheka hutakuwa wa kwanza. Walimu wenzake walicheka hadi wakafuta machozi, naye alicheka pamoja nao. Lakini nyumbani hakucheka.

Teodora ni Mkerewe wa Nansio, mwanamke wa maneno mengi na mwendo wa haraka. Mumewe, Yakobo, ni Msukuma anayechomelea mageti pale Igoma, na maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kiganja. Waliishi vizuri, ila hawakuwa na mtoto. Mimba tatu zilikuja na tatu zikatoka. Ndugu wa mume walianza kumtembelea Yakobo peke yake, wakinong'ona mambo ambayo Yakobo, kwa bahati njema, alikuwa mvivu wa kuyajibu. Mimba ya nne ilipokuja, Teodora akiwa na miaka arobaini na moja, daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia alale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Akiinuka-inuka, na hii ataikosa.

Akalala, lakini moyo ulibaki darasani. Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa Baiolojia, naye ndiye huyu amelala anahesabu mabati ya dari. Kidato cha nne walikuwa wamebakiza mada nzito, uzazi ikiwa mbele, na mtihani wa taifa hausubiri mimba ya mtu. Alivumilia wiki ya kwanza, akavumilia ya pili. Ya tatu alimwambia mumewe, "Kesho naenda. Nitakaa kwenye kiti nifundishe. Bajaji itanifikisha mpaka mlangoni."

Yakobo hakubishana. Asubuhi alikusanya viatu vyote vya mkewe, vya kanisani na vya kazini, akavitia kwenye mfuko wa salfeti, akaondoka navyo kwenda karakana.

"Nitakwenda na malapa!" Teodora alimpigia kelele dirishani. Na angekwenda kweli, maana huyu mwanamke akisema amesema. Siku hiyo bajaji haikupatikana, akaapa kwamba kesho yake hata kwa miguu.

Jioni hiyohiyo wanafunzi watatu wakabisha hodi. Hellen, kiranja wa darasa, alikuwa na ndizi. Mayala, kijana mkubwa wa umbo na sauti ambaye kwao wanafuga ng'ombe, alikuwa na chupa ya maziwa. Wa tatu, Fadhila, binti wa fundi cherehani, alikuwa amesimama nyuma ya wenzake na mtandio wake, kimya kama kawaida yake. Mtoto ambaye ukitaka kusikia jibu lake darasani lazima umsogelee.

"Mwalimu, tumekuja kukupa habari njema," Hellen alisema. "Tumepata mwalimu wa kujitolea. Anaitwa Mwalimu Mihayo, katokea Sengerema. Kamaliza chuo, anasubiri ajira. Ameanza leo."

"Baiolojia?"

"Baiolojia, mwalimu."

Teodora alilia mbele ya watoto wa watu, bila aibu. Kisha akavuta shuka akalala, na safari hii akalala kweli. Habari za malapa na bajaji zikaishia hapo.

Miezi ikapita. Kila walipokuja kumjulia hali aliuliza habari za Mihayo. Hellen alisema ni mrefu, mweupe. Siku nyingine Mayala akasema ni mfupi, mweusi tii. Teodora akawaza kwamba watoto wa siku hizi hawaangalii watu, wanaangalia simu. Mama yake alipomletea dagaa kutoka Nansio, Teodora alijaza mfuko mzima, akampa Mayala ampelekee Mihayo, na jibu likarudi kwamba mwalimu anashukuru sana, dagaa ni watamu mno. Hilo nalo halikumshtua. Mtu akiwa na shukrani moyoni huwa haulizi maswali mengi.

Mwishoni mwa Julai akazaliwa Ng'washi, mzima, analia mpaka nyumba ya jirani. Yakobo alimshika, akamtazama muda mrefu, kisha akatoka nje akasimama nyuma ya choo mpaka alipoweza kurudi ndani akiwa mwanaume tena. Likizo ya uzazi ilipokwisha mtihani ulikuwa umeshafika mlangoni, na Mwalimu Mihayo, kwa maelezo ya darasa zima, alikuwa amepata ajira Geita wiki moja tu kabla.

"Uzazi mmemaliza?" Teodora aliwauliza.

"Tumemaliza!" waliitika kwa pamoja.

Sasa, mwalimu yeyote anajua kwamba "tumemaliza" ya darasa zima haina maana yoyote. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia. Wa kujitolea hawalipwi cha maana. Wengine huandika ubaoni kichwa cha habari wakaenda kunywa chai. Alijaribu kuwapima kwa maswali mawili matatu, lakini siku zilikuwa chache, na mtoto aliugua kifua. Basi ikabaki hivyo. Kama Mihayo aliwadanganya, watoto sitini wangelipa kwa vyeti vyao, na chanzo kingekuwa yeye aliyelala kitandani.

Ndiyo maana alikuwa jabalini.

Kengele ililia. Mayala alitokea wa kwanza getini, karatasi ya maswali mkononi, nyuma yake kundi zima. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mabishano ni ya Kiswahili, na yakichacha yanahamia Kisukuma. Yalikuwa yamekwisha kuchacha. Walipomwona mwalimu wakasimama ghafla.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mbona mmesimama? Kaeni. Leo sahihishaneni, nasikiliza."

Walitazamana. Kisha wakakaa, taratibu, wakiwa na hakika kwamba ni mtego.

Walianza na maswali ya kuchagua. Popo yuko kundi gani. Mayala alikuwa amemweka kwa ndege, akazomewa vizuri, akaapa kwamba kitu chenye mabawa ni ndege na wasahihishaji watamwelewa. Ini, figo, ubongo. Teodora alitikisa kichwa hapa, akafumba macho pale. Hayo yote alifundisha yeye, na makosa yake alikuwa anayajua kwa majina. Alichokuwa anasubiri hakijafika.

"Na lile la insha?" aliuliza mwenyewe, uvumilivu ukiwa umemwishia.

Mayala alikohoa. "Lile, mwalimu, lilikuwa la... la mambo ya kina mama."

"Mambo ya kina mama ndiyo yapi?"

"Kondo la nyuma," Hellen alisema haraka. "Tueleze kazi zake. Alama kumi na tano."

Teodora aliguna. Kondo la nyuma! Miaka yote aliyofundisha, nusu ya darasa huandika kwamba damu ya mama inamwagika moja kwa moja ndani ya mtoto, na alama zinamwagika nayo. "Haya, Mayala. Uliandika nini?"

"Nimeandika damu hazichanganyiki." Mayala alisema bila kusita, na sauti yake ikawa ya mtu anayejua. "Ya mama inabaki kwa mama, ya mtoto inabaki kwa mtoto. Chakula na hewa vinapita kwenye ukuta mwembamba, na uchafu unarudi. Ni kama jirani wanapeana chumvi dirishani, mwalimu. Chumvi inapita, mtu haingii."

"Chumvi dirishani," Hellen alikubali.

"Hata mimi! Chumvi dirishani!" wengine wakadakia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alieleza kwa namna yake, na kila mmoja alikuwa sawa. Hata wale aliowazoea kwa kuchora moyo wenye vyumba vitano walikuwa sawa.

Teodora alicheka kwa sauti. Miaka kumi na sita hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa wepesi namna ile, na alikiri mbele yao. "Huyu Mihayo ni mwalimu! Mungu ambariki huko aliko. Nipeni namba yake, nimpigie sasa hivi nimshukuru." Akatoa simu.

Hellen aliinama kurekebisha soksi ambayo haikuwa na tatizo.

"Hatuna namba yake, mwalimu."

"Mtu amewafundisha miezi yote ile, hamna namba yake?"

Mayala ndiye aliyeshindwa kuubeba uongo. "Mwalimu, usikasirike. Mihayo hayupo."

"Najua, yuko Geita."

"Hayupo popote, mwalimu."

Likatoka lote. Siku ile ya viatu, Mayala alipita karakana ya Yakobo akakuta viatu vya kike vimetundikwa ukutani kati ya vyuma, akauliza. Yakobo akamwambia: mwalimu wenu anataka kuja kuwafundisha, na akija, mtoto anatoka. Mayala akalipeleka neno hilo darasani. Mkuu wa shule alikuwa ametafuta mwalimu kila mahali akakosa. Ndipo Fadhila, yule wa kusogelewa, alipoinua mkono akasema wamwambie Teodora kwamba mwalimu amepatikana, maana yeye mwenyewe atafundisha.

"Fadhila?" Teodora aliuliza.

"Alikuwa anasoma kitabu, asichoelewa anakwenda kumuuliza nesi wa zahanati, halafu anakuja kutufundisha. Siku ya kwanza tulimcheka sana, si unajua ile mada. Akaweka chaki chini, akasema, 'Anayecheka asimame aseme yeye alitoka wapi.' Hakuna aliyecheka tena," Mayala alisema.

"Na mkuu wa shule alijua?"

"Ndiye aliyekuwa anatufungulia maabara."

"Na Yakobo?"

"Jina la Mihayo ametoa yeye, mwalimu. Anasema ni marehemu mjomba wake, alikuwa anachunga ng'ombe."

Yakobo! Mtu asiye na maneno, kumbe neno moja alilolitoa lilikuwa mwalimu mzima wa kujitolea!

"Na dagaa?" Teodora aliuliza.

"Tulikula darasa zima. Walikuwa watamu kweli, hapo hatukudanganya."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawa mama yao alikuwa amelala, na ulimwengu haukuwa na nafasi, wakafunzana wenyewe.

Wakati huo Fadhila alikuwa anatoka getini, wa mwisho, kalamu zake mkononi. Alipoziona nyuso za wenzake akajua. Alisogea akiwa ameinamisha macho.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Nisamehe. Tulikudanganya."

Teodora hakumwitikia. Alimfungua Ng'washi mgongoni, akamweka mikononi mwa Fadhila, na mtoto akaukamata mtandio akaanza kuuvuta.

"Mshike vizuri," alisema. Machozi yalikuwa yanatiririka, wala hakuyafuta. "Siku ile mlipobisha hodi nilikuwa nimeshaapa kuja hata kwa miguu. Mngeniambia ukweli, ningekuja, na huyu asingekuwepo. Nilikuwa namwomba Mungu amlipe yule mwalimu, kila siku, Fadhila, nikidhani yuko mbali."

Kisha, mbele ya kidato cha nne kizima na ya waendesha bodaboda waliokuwa wanapita, Mwalimu Teodora alikunja magoti juu ya jabali, kama alivyofunzwa Nansio kuwaamkia wakubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Fadhila alirudi nyuma hatua nzima. "Mwalimu jamani, inuka! Utaniletea laana!"

"Itikia, ticha!" Mayala alipaza sauti, na wote wakamfuata, "Itikia! Itikia!"

Fadhila aliuficha uso kwenye kanga ya mtoto. Alikaa humo muda mrefu, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia. Teodora alibaki chini palepale, jiwe likimchoma magoti, wala hakuinuka mpaka alipoitikiwa.