Matarumbeta Walioshuka Kusukuma Pikapu

Jamani, kuna watu Korogwe mpaka leo wakiniona nageuza shingo kama natafuta duka, na kisa chenyewe ni kidude kidogo kuliko kidole gumba.

Pikapu yangu ilikuwa na tabia ya kuzima ikishapata moto, ukiiacha ipoe inawaka kama haikuwahi kukukosea, basi fundi mmoja hapa Handeni akachomeka mashine yake ya kupimia akaniambia, "Sensa ya krenki hiyo, kidude cha kupima mzunguko wa injini, nunua mpya uniletee." Kununua nikanunua. Kupeleka sasa (hapa ndipo shetani alipoingia), nikajiambia bolti moja na soketi ya waya tu, nimpelekee mtu wa nini? Nikafungua boneti, nikaona sensa inafanana kabisa na ile mpya, nikaitoa, nikafunga mpya, nikazunguka mtaani asubuhi na baridi yake, haikuzima. Jioni ukweni nikatangaza kwamba harusi ya shemeji yangu Rehema, pikapu ya matarumbeta itakuwa yangu.

"Baba Neema, una uhakika?" mke wangu akauliza.

"Nimeifunga kwa mkono wangu!"

Basi tukatoka Handeni mpaka Korogwe bila tatizo, upepo wa njiani unaipoza injini, matarumbeta wakapanda nyuma, tukaanza kwenda mwendo wa konokono kuelekea kanisani Kwamndolwa, jua linawaka, honi kila upande, mimi na suti yangu napungia watu mkono utadhani nagombea ubunge, na kwenye kinjia chembamba cha kuingia kanisani, pu! Kimya. Nyuma yangu msafara wote umekwama na bibi harusi ndani yake.

Nikapiga stata, wapi! Matarumbeta wakashuka kusukuma, na yule wa ngoma kubwa (Mungu anamwona) hakuacha kupiga, anasukuma kwa bega huku anapiga, watu wanacheka, simu zote zinanirekodi. Haikuwaka. Nikaingia uvunguni na suti ileile kutafuta waya uliolegea, na huko chini, karibu na krenki, nikaiona: sensa nyingine, imejaa oili, waya wake umepasuka. Nilikuwa nimebadilisha ndugu yake wa juu, mzima, asiye na kosa lolote!

Nikabaki nimelala palepale, natoka naenda wapi? Nikaona viatu vyeupe vinapita karibu na uso wangu. Rehema huyo, ameshika shela lake mkononi, anaelekea kanisani kwa miguu kwenye vumbi na matarumbeta nyuma yake.

"Shemeji, usitoke!" akasema huku anacheka. "Utanichafua."

Baba mkwe akainama. Nikamwamkia kutoka huko huko chini, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tunakwenda kufunga ndoa. Ukimaliza kulala, utatukuta."

Niliingia kanisani wakiwa wameshavishana pete, nikasimama mlangoni na mgongo mweusi wa oili, na mchungaji akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

Sensa ya kweli alikuja kuifunga yule fundi, na pikapu haijazima tena. Ila mimi nimeapa: siku hizi hata taa ya ndani ikiungua naipeleka gereji, nakaa kwenye benchi, na fundi akiniuliza nadhani ni nini, namwambia, "Sijui, kaka. Mimi ni dereva tu."