Ua Lisilo na Kiu

Shangazi yangu amefundisha chekechea miaka tisa, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Watoto wanamwita Mwalimu, wazazi wanamwita Mama Kamasi kwa sababu hatembei bila kitambaa cha kufutia pua za watu. Darasa lake na jiko letu vinatazamana, dirisha kwa dirisha, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mwaka jana mkaguzi alisema atakuja Ijumaa kutazama somo moja. Likimridhisha, Shangazi ataajiriwa moja kwa moja, ibaki sahihi ya mwalimu mkuu tu kwenye fomu. Shangazi akachagua jinsi mimea inavyokunywa maji, somo lisilo na makuu: unatia rangi nyekundu kwenye glasi ya maji, unasimamisha ua jeupe, kesho yake limekuwa jekundu. Mtoto anaona kwa macho yake.

Ua jeupe shuleni lilikuwa moja tu, mezani kwa mwalimu mkuu. Alikuwa nalo mwaka wa pili. Kila asubuhi alilibadilishia maji kabla hajamsalimia mtu, na wageni aliwaambia mkono wake una baraka, maua ya wenzake hayamalizi wiki. Alimpa Shangazi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga.

Jumatatu Shangazi alipotaka kulipunguza chini kidogo, mkasi ukagonga waya. Akasimama pale. Akatazama huku na huku, kisha akalitumbukiza kwenye maji mekundu na kuwaambia watoto wasubiri.

Wakasubiri. Jumanne jeupe. Jumatano jeupe. Mwalimu mkuu alipita kila mapumziko kulijulia hali, akasema limezoea mkono wake, kwa mgeni linaona haya. Watoto wakaliimbia. Mmoja tunayemwita Kidevu akaliwekea kipande cha biskuti. Jioni nilimuuliza Shangazi kwa nini asiseme tu. Akajibu kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu, akaendelea kumenya viazi.

Alhamisi Kidevu akakataa maji ya kunywa.

"Ua halinywi," akasema, "na ni zuri."

Kufika saa sita waliokataa maji walikuwa kumi na mmoja. Wamekaa wima, shingo zimenyooka, midomo mikavu, wanajitahidi kuwa wazuri. Kidevu alisimamishwa ahesabu mpaka kumi. Alipofika saba akaanguka. Walipommwagia maji kichwani akalia kwamba wanamharibu.

Ijumaa mkaguzi aliketi kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na masikio. Mwalimu mkuu alisimama kando ya ua lake. Mezani vikombe vimejaa, hakuna aliyegusa. Mkaguzi akauliza mbona ua halijabadilika, na mwalimu mkuu akamweleza kuwa ni ua lenye msimamo.

Shangazi alikuwa anatazama midomo ya Kidevu. Akalichomoa ua, akalikunja mara mbili, akaliachia. Likanyooka lenyewe.

"Samahani, Mwalimu Mkuu," akasema. "Hili ni la plastiki. Halijawahi kunywa hata tone."

"Kumbe," akasema Kidevu, akavuta kikombe chake. Wenzake wakafuata, darasa zima likasikika kama ng'ombe mtoni. Mkaguzi akaandika mstari mrefu. Mwalimu mkuu akatoka bila ua.

Mkaguzi alilipitisha somo. Fomu ikalala kwa mwalimu mkuu wiki ya kwanza, ikalala ya pili. Alipokutana na Shangazi koridoni alisoma matangazo ukutani, hata pale pasipo na tangazo.

Jumatatu ya tatu mwalimu mkuu akaingia darasani na glasi ya maji mekundu na jani jeupe la ndani ya kabichi. Watoto wakabanana, wakampa nafasi.

"Nifundishe na mimi," akasema.

Shangazi akamwonyesha pa kukata, akamweleza kuwa ndani ya jani kuna mirija myembamba kuliko unywele, maji yanapanda humo. Mwalimu mkuu akakaa. Kengele ya mapumziko ikalia, hakutoka. Hata kula hakula. Karibu na saa ya kwenda nyumbani, uzi mwekundu ukaanza kupanda kwenye mshipa wa jani.

"Linakunywa," akanong'ona, kama anayeogopa kulikatiza.

Kisha akatoa fomu mfukoni, imekunjwa mara nne, akaomba kalamu. Kidevu akampa aliyokuwa nayo. Mpaka leo ajira ya Shangazi ina sahihi ya krayoni ya kijani.